VPN ya askari aliye ng'ambo: orodha za "bora kumi" zinajibu swali gani?

Msomaji, hebu tafuta mtandaoni, kwa Kiingereza, VPN bora kwa wanajeshi walio nje ya nchi yao. Utaletewa makala nyingi zilizovaa sare moja: jedwali juu, nyota tano pembeni, kitufe cha punguzo la bei chini. Anayelengwa ni askari wa Marekani aliyepangiwa Ujerumani, Korea Kusini, Djibouti au Ghuba, au baharia aliye melini kwa miezi mfululizo. Mahitaji yake si makubwa. Anataka kuingia kwenye akaunti yake ya benki bila kufungiwa eti kwa sababu anaonekana yuko nchi ngeni, kuzungumza na watoto kwa simu ya video, na kuangalia mechi au filamu. Makala zinamjibu haraka: nunua hii, uko salama.

Hilo neno "salama" ndilo lililonikalisha kuandika. Nimezisoma makala hizi kama tunavyosoma andiko la mwenzetu kwenye semina: dai ni lipi, ushahidi uko wapi, nani kalipia kazi. Hazifaulu. Si kwamba kila kilichomo ni uongo, maana mengi ni kweli. Tatizo ni kwamba zinamuuzia askari kufuli, wakati VPN ni mtu wa kati. Na mambo yaliyowahi kuwaweka askari hatarini kwelikweli yamepita mlango mwingine kabisa.

Tuanze na huyo mtu wa kati. Bila VPN, simu yako inaongea na Wi-Fi ya kambini, Wi-Fi inaongea na kampuni ya intaneti ya nchi hiyo, na kampuni inakufikisha kwenye tovuti. Siku hizi tovuti karibu zote za maana, benki zikiwemo, tayari zinafunga mazungumzo kwa usimbaji fiche. Ndiyo maana ya ile "https" mwanzoni mwa anwani. Kwa hiyo mwenye Wi-Fi hasomi salio lako wala nywila yako. Anachokiona ni kwamba umeingia benki fulani, saa fulani, na umetumia data kiasi fulani. Ukiwasha VPN, simu inachimba handaki hadi kwenye seva ya kampuni ya VPN, na mwenye Wi-Fi sasa anaona handaki tu. Hapo kazi imefanyika, na ni kazi halali. Lakini upande wa pili wa handaki kuna mtu anayelifungua, naye anaona yaleyale aliyokuwa akiyaona mwenye Wi-Fi. Yaani mtazamaji umemhamisha, hujamfuta.

Wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani, CISA, ulilisema hili bila kuzunguka mwezi Desemba 2024, ulipotoa mwongozo wa simu kwa watu wanaowindwa zaidi, kama vile viongozi wa serikali na wa kisiasa. Uliwaambia wasitumie VPN za binafsi, kwa kuwa zinahamisha tu hatari kutoka kampuni ya intaneti kwenda kampuni ya VPN, na mara nyingi zinaongeza sehemu za kushambuliwa. Ukilisoma hilo halafu ukarudi kwenye zile orodha, unajikuta unajiuliza kama zinazungumzia kitu kilekile.

Sasa tazama sifa zinazotajwa. Ya kwanza, karibu kila mahali, ni "usimbaji wa kiwango cha kijeshi". Wanamaanisha AES yenye ufunguo wa biti 256. AES iliidhinishwa kuwa kiwango rasmi cha Marekani mwaka 2001. Walioibuni ni Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na mashindano yaliyoichagua yalikuwa wazi kwa dunia nzima. Mwaka 2003 serikali ya Marekani iliruhusu itumike hata kwa siri za ngazi ya juu kabisa. Kwa hiyo ndiyo, jeshi linaitumia. Na wewe pia unaitumia: ndiyo inayofunga ujumbe wako wa WhatsApp. Kujisifia hilo ni kama mama ntilie kutangaza kwamba maji anayopikia ni yaleyale yanayonyweka Ikulu. Cha kuchekesha zaidi, WireGuard, ambayo kwa maoni yangu ndiyo njia bora ya VPN kwa sasa, haitumii AES kabisa. Inatumia ChaCha20, na msimbo wake wa awali una mistari kama 4,000 tu, kiasi kwamba mtafiti mmoja anaweza kuusoma wote. Imo ndani ya kiini cha Linux tangu 2020. Makala zinazoisifu WireGuard na "AES ya kijeshi" katika aya moja zinakuonyesha kwamba mwandishi ananakili tu.

Sifa ya pili ni makao ya kampuni. Askari anaambiwa achague kampuni iliyosajiliwa Panama au Visiwa vya Virgin vya Uingereza, mbali na "Macho Matano", yaani umoja wa kijasusi wa Marekani, Uingereza, Kanada, Australia na Nyuzilandi. Hebu tulia kidogo hapo. Huyu ni askari wa Marekani. Mwajiri wake ndiye mwenye macho hayo. Ushauri huu ulitungwa kwa ajili ya mpakuaji wa filamu za wizi anayekimbia mahakama, au mwandishi wa habari anayeogopa serikali yake, kisha ukabandikwa kichwa kipya cha habari. Adui wa askari aliye ng'ambo ni mwingine: kampuni ya intaneti ya nchi mwenyeji, jasusi wa taifa jirani, mwizi wa akaunti za benki. Kwa hao, swali la Panama halina uzito wowote. Katika usalama wa kompyuta kuna swali linalotangulia mengine yote, nalo ni "najilinda dhidi ya nani?" Sijaona orodha hata moja inayoanzia hapo.

Ya tatu ni ahadi ya kutotunza kumbukumbu za matumizi. Hapa kuna historia nzuri ya kujifunza. Mwaka 2017 PureVPN, iliyokuwa ikijitangaza kwamba haitunzi kumbukumbu, iliwasaidia FBI kumpata mtu aliyekuwa akimsumbua na kumtisha mwanamke huko Massachusetts. Kumbukumbu zake zilionyesha mteja yuleyule akiingia kutoka anwani mbili za IP, ya nyumbani na ya kazini. Hakuna atakayemlilia mtuhumiwa huyo, lakini ahadi ilikwisha kuvunjika. Kinyume chake, Aprili 2023 polisi wa Sweden walifika ofisi za Mullvad mjini Gothenburg na hati ya upekuzi, wakaondoka mikono mitupu kwa sababu taarifa za wateja walizozitaka hazikuwepo. Mullvad haiulizi hata barua pepe; unapewa namba ya akaunti basi, na bei imebaki euro 5 kwa mwezi tangu 2009. Huo ni ushahidi wa aina tofauti na tamko la kwenye tovuti.

Lakini hata ushahidi huchakaa. Chukua ExpressVPN, ambayo huwa juu kwenye orodha nyingi. Mwaka 2017 wachunguzi wa Uturuki walikamata seva yake wakifuatilia mauaji ya balozi wa Urusi Andrei Karlov, wasikute kitu cha kuwasaidia. Alama kamili. Septemba 2021 kampuni hiyo ilitangazwa kununuliwa na Kape Technologies kwa dola milioni 936. Wiki hiyohiyo, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza makubaliano na watu watatu waliowahi kufanya kazi kwenye ujasusi au jeshi la nchi hiyo, waliokuwa wameisaidia Falme za Kiarabu kudukua vifaa vya watu. Mmoja wao, Daniel Gericke, alikuwa mkuu wa idara ya habari wa ExpressVPN. Kampuni ilijibu kwamba ilijua historia yake ya kazi kabla ya kumwajiri. Sasa wewe mwambie askari aliye kwenye kambi ya Ghuba kwamba nyota tano zimemaliza maswali.

Na nani anagawa nyota hizo? Mwaka huohuo wa 2021 Kape ilinunua kampuni inayomiliki vpnMentor na Wizcase, tovuti mbili kubwa za kupima na kupanga VPN. Kape hiyohiyo inamiliki CyberGhost na Private Internet Access. Yaani mwenye duka ndiye mwenye mizani, na ndiye anayeandika gazeti la bei sokoni. Hata tovuti ambazo hazina mwenye duka hula kamisheni kwa kila msomaji anayebofya kitufe na kulipa. Sisemi wote wanadanganya. Nasema mtu anayelipwa ukinunua hawezi kukuandikia sentensi ya "huhitaji".

Askari mdogo wa cheo, mwenye mshahara mdogo, ataruka yote haya na kupakua VPN ya bure. Hapo kuna takwimu za kuogofya. Mwaka 2016 watafiti, wakiwemo wa CSIRO ya Australia, walichunguza programu 283 za VPN za simu za Android. Asilimia 18 hazikuwa na usimbaji wowote kwenye handaki lao. Asilimia 75 zilibeba ndani yake maktaba za kufuatilia watumiaji. Zaidi ya asilimia 38 zilionyesha dalili za programu hasidi. Asilimia 84 zilivujisha data ya IPv6 nje ya handaki. Utafiti ni wa zamani, na namba za leo zitakuwa tofauti, ila somo la biashara halijabadilika: seva na umeme vinalipiwa na mtu. Facebook ilikuwa na VPN yake ya bure, Onavo, iliyoinunua mwaka 2013. Ilikuwa ikitazama watu wanatumia programu zipi za washindani, hadi Apple walipoilazimisha kuondoka dukani kwao 2018 na Facebook ikaifunga mwaka uliofuata.

Mpaka hapa nimekosoa zile orodha kwa vipimo vyake zenyewe. Kosa lake kubwa liko nje ya jedwali.

Mwezi Novemba 2017 Strava, programu ya wakimbiaji na waendesha baiskeli, ilichapisha ramani ya dunia iliyowaka rangi pale watu walipofanya mazoezi. Januari 2018 mwanafunzi wa Australia mwenye miaka 20, Nathan Ruser, alionyesha kwamba katikati ya giza la Syria na Afghanistan kulikuwa na vimistari vinavyong'aa: askari wakikimbia kuzunguka kambi zao. Njia za doria, barabara za ndani, yote. Mwezi Agosti mwaka huo Pentagon ilipiga marufuku vifaa na programu zinazoonyesha mahali kwa askari walio kwenye maeneo ya operesheni.

Sasa jiulize: kama kila mmoja wao angekuwa na VPN bora duniani, ramani ingebadilika? Hata kidogo. Saa ya mkononi inapokea mawimbi ya setilaiti, inajua ilipo, inaandika namba hizo, na kuzituma kwa Strava. VPN inazifunga namba hizo vizuri, inazipitisha handakini kwa usalama kabisa, na kuzifikisha kwa Strava zikiwa nzima. VPN inabadilisha anwani ya IP inayoonekana. Haigusi GPS. Watu wengi, na baadhi ya makala hizi, huchanganya hivyo viwili kwa sababu vyote huitwa "mahali ulipo".

Ujerumani ilitoa mfano mwingine. Mwishoni mwa 2024 waandishi wa WIRED, Bayerischer Rundfunk na netzpolitik.org walichambua sampuli ya data kutoka kwa dalali mmoja wa Marekani: zaidi ya nukta bilioni 3 za mahali zilipokuwa simu nchini humo, zikiwemo za watu wanaoingia na kutoka kwenye vituo vya jeshi la Marekani kama Ramstein na Grafenwöhr. Chanzo chake ni biashara ya matangazo. Programu za kawaida, za hali ya hewa au michezo, huchukua mahali simu ilipo pamoja na namba ya utambulisho wa matangazo, na data hiyo inauzwa. Nayo hupita handakini bila shida.

Halafu kuna redio yenyewe. Simu hujitambulisha kwa mnara kabla haijatuma hata kifurushi kimoja cha intaneti. Usiku wa kuamkia 2023, Ukraine ilipiga jengo walimolala askari wa Urusi huko Makiivka. Urusi yenyewe ilikiri vifo 89 na kusema sababu kuu ni askari kuwasha simu kwa wingi. (Wapo waliojibu hukohuko Urusi kwamba ni rahisi kulaumu simu kuliko kamanda aliyewarundika watu kwenye jengo moja. Nadhani wana hoja.) Vyovyote iwavyo, VPN inafanya kazi juu kabisa ya ngazi hiyo. Mnara hauhitaji kujua unaangalia nini ili kujua uko wapi.

Na kwa mabaharia, mfano ninaoupenda ni wa meli USS Manchester ya Marekani. Mwaka 2023, kabla ya safari ya Pasifiki, baadhi ya maafisa wadogo wa ngazi ya juu walifunga kwa siri sahani ya Starlink juu ya meli na kujitengenezea Wi-Fi yao, wakaiita STINKY. Ililipiwa kwa pesa zao, wakapeana nywila, na mabaharia wa kawaida wakabaki bila. Mkuu wao alifikishwa mahakama ya kijeshi na kushushwa cheo 2024. Weka VPN juu ya mtandao ule: mazungumzo ya mtu na familia yake yatakuwa yamefungwa, lakini meli ya kivita bado ina kisambaza mawimbi ambacho nahodha hajui kipo.

Kuna shimo moja zaidi ambalo makala hizi zingepaswa kulitaja, kwa sababu linagusa hasa Wi-Fi ya kambini na hotelini. Mei 2024 watafiti wa Leviathan Security walieleza shambulio walilolipa jina TunnelVision. Simu au kompyuta ikijiunga na Wi-Fi, ruta huipa anwani pamoja na maelekezo ya njia, kupitia utaratibu uitwao DHCP. Kipengele chake namba 121 kinaruhusu ruta kuelekeza: vifurushi vya huku na huku, vipitishie kwangu. Kompyuta hufuata njia iliyoelezwa kwa undani zaidi kuliko ile ya jumla, na VPN nyingi huweka njia ya jumla. Matokeo yake data inatoka nje ya handaki huku alama ya VPN ikiendelea kuonyesha kwamba umeunganishwa. Android haikuathirika kwa sababu haikitumii kipengele hicho kabisa. Kwa hiyo simu ya bei poa ya Android iliponea pale kompyuta mpakato ya gharama ilipovuja. Njia rahisi ya kukwepa ni kutotumia Wi-Fi usiyoiamini, ukachukua data ya simu na kuigawa mwenyewe.

Basi askari huyu afanye nini? Kama shida yake ni benki, mimi nisingemwambia anunue VPN ya biashara hata moja. Anwani za seva za VPN zinajulikana, maelfu ya watu wanazitumia kwa pamoja, na benki huzitilia shaka kuliko zinavyoitilia shaka hoteli ya Seoul. Afunge WireGuard kwenye ruta ya nyumbani kwake kabla ya kuondoka, au kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi. Benki itaona anwani ileile ya siku zote, na hakuna mtu wa tatu aliyeongezwa. Kasoro ipo: anayetazama mtandao wa nchi mwenyeji ataona handaki likielekea nyumbani kwa familia fulani. Ujerumani hilo halinisumbui. Karibu na uwanja wa vita lingenisumbua sana, na huko simu binafsi haipaswi kuwepo. Januari 2020 askari wa Divisheni ya 82 waliopelekwa Mashariki ya Kati waliambiwa waache simu zao nyumbani. Kwa kuficha matumizi yake kutoka kwa mwenye Wi-Fi, anaweza kutumia kampuni ambayo msimbo wake uko wazi, imekaguliwa na watu wa nje, na imewahi kujaribiwa na polisi au mahakama. Azime namba ya matangazo na ruhusa ya mahali kwenye kila programu isiyoihitaji. Hilo ni bure, na ndiyo maana halina kitufe cha punguzo. Na asome sheria ya nchi mwenyeji. Falme za Kiarabu zinazuia simu za WhatsApp, jambo ambalo ndugu zetu wanaofanya kazi Dubai wanalijua vizuri mno, na sheria yao ina faini ya dirham 500,000 hadi milioni 2 kwa anayeficha anwani ya IP ili kutenda kosa.

Wapo wasomaji wetu wenye kaka au dada kwenye vikosi vya kulinda amani: Watanzania wamekwenda Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Lebanoni, na Wakenya wako Somalia tangu Oktoba 2011. Orodha zile hazikuandikwa kwa ajili yao, lakini wanazisoma. Tofauti chache ni za kuzingatia. Ile njia ya ruta ya nyumbani ni ngumu kwetu, kwa sababu nyumba nyingi zinatumia bando la simu, na kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, hivyo handaki halina mlango wa kubisha. Zipo huduma kama Tailscale zinazopenya hapo, lakini umerudi kwa mtu wa kati, angalau wa kuwakutanisha. Tanzania pia ina tangazo la TCRA la Oktoba 2023 lililowataka wanaotumia VPN kwa shughuli zao watoe taarifa ifikapo tarehe 30 mwezi huo. Na pesa za nyumbani nyingi zinapita kwenye menyu ya nyota na reli, ambayo haitumii intaneti kabisa: namba ya siri unayoiandika hapo inakwenda kwa mtandao wa simu wa nchi uliyopo na haijui kama VPN imewashwa au imezimwa.